Karthala, Ngazija: mlima nyota tano, mwongozaji nyota mbili

Nianze na maji maana ndo yaliyonifanya nishike simu niandike. Mimi ni mtu wa Igogo, Mwanza, kwetu ni kule juu kwenye mawe, ziwa naliona kila asubuhi hata kabla sijanawa uso, bomba likikata siku mbili tatu mtaa mzima tunapiga kelele ila moyoni unajua ndoo ipo na ziwa lipo, sijasikia mtu wa Igogo aliyekufa na kiu. Hiyo akili ya ziwani ndo niliyoenda nayo Ngazija, kile kisiwa kikubwa cha Komoro, kupanda mlima wao wa volkano Karthala mwezi wa saba, na ndo iliyoniponza.

Tulikuwa wawili, mimi na shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ni mvuvi wa dagaa pale Igombe, mtu asiye na maneno mengi. Mwanza mpaka Dar ndege, Dar mpaka Hahaya, uwanja wao wa ndege, ndege tena wala haifiki saa mbili angani, viza unagongewa palepale uwanjani unalipa kwa euro. Nyumbani walitushangaa sana, kisiwa gani tena mnafuata huko wakati Ukerewe ipo hapo, unapanda meli unashuka Nansio unakula sato. Ukerewe naipenda jamani, ila haifuki moshi. Ngazija ni kama Ukerewe mbili kwa ukubwa na yote imetokana na volkano, ukitoka tu uwanjani kuelekea Moroni, mji wao mkuu, barabara inakatiza kwenye mawe meusi tii ambayo zamani yalikuwa uji wa moto, yamegandia vilevile yalivyokuwa yanatiririka kuelekea baharini.

Na mawe yao sio kama yetu. Ya Mwanza ni makubwa, ya mviringo, watoto wanayatelezea mpaka kaptula zinatoboka matakoni. Ya kule yana vitundu kama sponji ya godoro ila ukishika ni chupa iliyovunjika. Siku ya kwanza nilijikwaa pale Moroni, nikatanguliza kiganja, kikachanika sehemu nne.

Sasa hivyo vitundu na nyufa ndo chanzo cha yote nitakayosema. Mvua wanapata nyingi tu, upande wa magharibi wa mlima msitu ni kijani mpaka unatisha, lakini hamna mto. Kisiwa kizima, mto unaotiririka mwaka mzima hamna! Maji yakianguka yanazama mwambani yanapotelea huko. Ndo maana vijijini utakuta nyumba ina tangi la saruji la kukinga maji ya paa. Mama mwenye gesti tuliyofikia alitusimulia mwaka 2005, mwezi wa kumi na moja, mlima ulitema majivu yakaingia kwenye matangi, watu wakawa na maji ila hayanyweki, ikabidi wagawiwe maji ya kunywa kama wakimbizi. Alivyokuwa anasimulia alikuwa anafunika sufuria yake ya maji na sahani, afu juu ya sahani akaweka jiwe. Mimi nikacheka kimoyomoyo, nikaona mama huyu ana wasiwasi. Ningemwelewa siku ile yasingenikuta.

Haya, mwongozaji (naandika mwongozaji kwa sababu nikiandika lile neno la Kiingereza "guide" kama tunavyolitamka mtaani, "gaidi", polisi wataniita). Jina lake sitamtaja, ni kijana mzuri tu, mcheshi. Tulipatana euro 100 kwa wote wawili, siku mbili, yaani kwenye faranga zao ni kama 49,000 maana euro moja ni faranga 492 hivi na haipandi haishuki. Humo ndani tenti, chakula, maji. Narudia, MAJI. Nilimuuliza mara mbili kwa Kiswahili na mara moja kwa vidole, akasema maji yapo msijali.

Tukaanzia Mvouni, kijiji kilichoko juu kidogo ya Moroni, saa kumi na mbili asubuhi. Mimi na shem kila mmoja ana chupa yake ya lita moja na nusu, mwongozaji kabeba begi kubwa, tukaamini yaliyobaki yamo humo. Mwanzoni ni mashamba, migomba, halafu unaingia msituni kuna unyevu, udongo unateleza, miti ina majani yanayokudondoshea matone shingoni, ukishaota jasho unakunywa tu hovyo kama mtu uliyepakana na bomba. Kingine kilichonidanganya ni urefu. Karthala ni mita 2,361, na Mwanza yenyewe iko kama mita 1,100 na ushee kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo nikajipigia hesabu kwamba nusu ninayo tayari kwenye mapafu. Nikasahau kwamba kule miguu inaanzia karibu na bahari, ile nusu unaipanda na wewe. Kupanda kwenda nyumbani Igogo na kiroba cha unga sio maandalizi, nawaambia.

Saa tisa tuko kambini juu ya msitu, pale miti mirefu imeisha kuna vichaka vya majani membamba kama sindano. Jamaa akafungua begi. Dumu moja la lita tano. Moja. La watu watatu, siku mbili, na la kupikia humohumo. Nikamuuliza mengine yako wapi, akaonyesha kidole juu kwamba kuna mahali mvua hutuama kwenye mwamba. Akaenda, akarudi baada ya nusu saa mikono mitupu, pamekauka. Mwezi wa saba ni kiangazi ndugu yangu, wewe ndo mwenyeji, hujui?

Afu akachukua zaidi ya lita moja akachemshia wali. Na sisi ujinga wetu, tulibeba mfuko wa dagaa wa kukaanga kutoka Mwaloni Kirumba, wale wenye chumvi na pilipili, kwenye ndege tulijiona wajanja sana. Jaribu kula wale dagaa mlimani huna maji ndo utajua chumvi ni kitu gani. Usiku baridi kali, ulimi umekauka, tukawa tunapimiana maji kwa kifuniko cha chupa, vifuniko viwili kila mtu, unayasukutua kwanza ndo unameza. Shem akasema maneno pekee aliyoyasema kwa siku ile nzima: "Shemeji, mimi tangu utoto naogopa maji yasijae kwenye mtumbwi."

Ila huyu mtu ndo aliyetuokoa. Kabla ya kulala akavua turubai la juu la tenti akalitandaza kwenye vile vichaka, kalilegeza katikati kama anavyoanikia nyavu, pembe kazifunga na kamba za viatu vyake. Mimi na mwongozaji tunamwangalia tu. Usiku mawingu yakapita chini chini pale kambini, saa kumi alfajiri katikati ya turubai kuna maji, sio mengi, kikombe na nusu hivi, akaongezea kwa kukamua fulana aliyokuwa ameitundika pembeni. Yalikuwa na ladha ya plastiki na jasho la mvuvi. Sijawahi kunywa chai tamu kama ile.

Sasa mlima. Hapa sitaki utani, mlima nautolea nyota zote. Tulifika ukingoni jua linachomoza, chini yako kuna bonde moja kubwa la kijivu, upana wake kama kilomita 3 kwa 4, kimya, hakuna ndege wala mdudu, na ndani ya hilo shimo kuna shimo lingine linaitwa Chahalé lenye kuta zimesimama wima. Unatembea juu ya majivu yanalia kama unakanyaga mkaa. Sehemu kuna mvuke unatoka kwenye ufa, nikaweka kile kiganja changu kilichochanika, ni vuguvugu kama pumzi ya ng'ombe. Mlima ulilipuka 2005 mara mbili, 2006 tena, 2007 tena, kwa hiyo sio hadithi za mababu. Mwongozaji akatuambia zamani mle Chahalé kulikuwa na ziwa, mlipuko wa 2005 ukalimaliza. Tukaangaliana na shem. Hata ziwa lao limekaushwa!

Mkipanda muwe ukingoni alfajiri, kufika saa nne mawingu yanafunga huoni hata mwenzako. Kushuka sisi tulishuka mbio, magoti yaliniuma wiki nzima, na kijiji cha kwanza tuliomba maji kwa mama mmoja akatuletea jagi, shem akalimaliza bila kushusha, yule mama akaenda kuleta la pili bila kuulizwa.

Nilidai nirudishiwe euro 20. Mwongozaji akasema maji yalikuwepo, ni sisi tunakunywa sana, labda kwetu ni jangwa. Kwetu Mwanza! Hapo hata hasira ziliniisha nikacheka. Sijarudishiwa mpaka leo. Nyota mbili nampa kwa sababu njia anaijua vizuri na aliniinua nilipoanguka, ila ukimchukua yeyote kule, mwambie afungue begi mkiwa bado gesti, uhesabu lita kwa macho yako. Lita nne kwa kichwa kwa siku ndo uende.

Mengine haraka haraka. Chakula Moroni kizuri, mataba yao ni kisamvu cha nazi tu kimekwenda shule, na wana pilipili ya kusaga inaitwa putu, onja kwa ncha ya kijiko. Mji wa zamani ni vichochoro vyembamba na msikiti wa Ijumaa wa mwaka 1427 uko palepale ufukweni, mzuri sana, ila fukwe za mjini zina takataka inasikitisha, kuogelea nenda Mitsamiouli kaskazini. Huko huko kuna ziwa lilijaa kwenye shimo la volkano, pembeni kabisa ya bahari, linaitwa Lac Salé. Shem alishuka mpaka chini akachota kiganja akaonja, akatema. Chumvi. Akasema twende zetu. Jumba la makumbusho hapo Moroni alilifurahia zaidi, kuna yule samaki gombessa ambaye wataalamu walidhani ameisha duniani mamilioni ya miaka, shem akamzunguka kama anayemnunua, akauliza analiwa? Akaambiwa nyama yake ina mafuta hafai. Basi hakuwa na swali lingine.

Lugha, Kingazija na Kiswahili ni baba mmoja mama tofauti, utaelewa nusu na hiyo nusu itakudanganya. Nilimwamkia mzee mmoja shikamoo, hakushtuka. Kijana akaninong'oneza sema "kwezi". Nikasema kwezi, mzee akanijibu "mbona". Nikaganda, mbona nini tena mzee wangu, nimekosa nini? Kumbe ndo marahaba yao hiyo. Na marahaba yenyewe kwao ni asante, kwa hiyo yule mama wa gesti kila nikimlipa ananiambia marahaba na mimi hata sijamwamkia. Gesti yake ni safi, umeme unakatika ila ana taa za sola, na kila chumba kina ndoo ya maji imefunikwa sahani na jiwe juu. Nyota tano.

Nimebaki na noti ya faranga 1,000, wabadilishaji hela hapa mjini wameigeuza geuza wakanirudishia. Anayeenda Ngazija aje Igogo aichukue bure, akirudi aniletee vanila.