Sufuria ipi ununue: stenlesi, alumini au chuma? Napanga kuanzia bora hadi ya kuepuka

Ukiingia duka la vyombo muuzaji anakuuliza unataka za bei gani, jamani bei ije baadaye, kwanza jiulize unapikia jiko gani na kila siku unapika nini, maana metali hazifanani kabisa na seti ya vipande kumi na mbili inayong'aa inaweza ikakuunguzia wali kila siku.

Kwangu namba moja ni stenlesi yenye kitako kinene. Stenlesi ni chuma kilichochanganywa na kromiamu, ile iliyogongwa muhuri wa 18/10 ina kromiamu asilimia 18 na nikeli 10, na hiyo kromiamu ndiyo inayozuia kutu, kwa hiyo nyanya, ukwaju, ndimu, vyote pika tu na hata mchuzi ukilala humo hauharibiki ladha. Ubaya wake moto hausambai, alumini inapitisha joto karibu mara 15 zaidi ya stenlesi, ndo maana sufuria nyembamba ya stenlesi inaunguza katikati huku pembeni mchele bado mbichi. Nzuri zinakuwa na diski ya alumini imefichwa kwenye kitako. Igeuze pale pale dukani, angalia ubavu wa kitako utaona kama sahani nene imebandikwa, kisha bonyeza katikati kwa vidole gumba, ikibonyea irudishe kwenye shelfu hata kama inang'aa vipi.

Na hili la sumaku wengi wanachanganyikiwa, eti ikinasa ni feki. Sio kweli. Stenlesi ya 18/10 huwa hainasi au inanasa kidogo sana, ila kama unatumia jiko la induksheni (lile la umeme linalopasha sufuria kwa nguvu ya sumaku) kitako LAZIMA kinase la sivyo jiko halitawaka, kwa hiyo ubavu usionasa na kitako kinachonasa ndio mchanganyiko mzuri kabisa.

Namba mbili alumini nene ya kiwandani. Kwa ugali na wali wa mkaa mimi naona hii haina mpinzani, joto linaenea, ni nyepesi kubeba hata ukipikia watu ishirini, na mfuniko wake unaweza kupalia makaa juu bila wasiwasi (stenlesi nyingi zinakuja na mfuniko wa kioo, huo usithubutu kuupalia). Bei nayo ni nafuu. Ila vitu vichachu visilale humo, asidi inakula alumini, utaona vitundu vidogo vidogo na mchuzi unakuwa na ladha ya chuma. Na usiisahau tupu kwenye moto mkali, alumini inayeyuka kwenye nyuzi 660 tu na mkaa unaopulizwa sana unafika huko.

Tatu chuma cha kusubu, kile cheusi kizito cha chapati. Kinachelewa kupata moto lakini kikishapata hakipoi haraka, ukiweka chapati ya pili na ya tatu joto liko vile vile. Ukikiosha kikaushe juu ya jiko, pakaza mafuta kidogo, kitadumu hadi wajukuu. Usikiloweke.

Nonstiki naiweka ya nne, na ni kwa mayai tu. Moto mdogo, mwiko wa mbao, stiliwaya marufuku, na usiiache tupu jikoni kwa sababu ile rangi yake ikipita nyuzi 260 hivi inaanza kuharibika na kutoa moshi mbaya. Ikianza kubanduka nunua nyingine.

Shaba ni nzuri sana kwa joto lakini ni ghali na lazima ndani iwe na tabaka la bati au stenlesi, siiweki hata kwenye orodha.

Ya mwisho ni sufuria ya alumini ya vyuma chakavu. Mafundi wa Gerezani kule Dar na Kamukunji kule Nairobi kazi wanaijua, siwasemi wao, nasema malighafi, maana ukiyeyusha pamoja vipande vya injini, redieta na mabaki mengine usiyojua asili yake, madini ya risasi yanaweza kuingia humo, na risasi inadhuru ubongo wa mtoto. Muulize fundi alumini ameitoa wapi. Asipokuwa na jibu la kueleweka basi iwe ya kuchemshia maji ya kufulia, uji wa mtoto usipikwe humo kabisa.