Canta na Shizuku: kuondoa programu za kulazimishwa bila laptopu wala fundi

Simu nyingi za bei ya chini zinazouzwa Luthuli na Moi Avenue, Nairobi, huja zimejaa kabla hujaweka hata laini. Kuna duka la pili la programu kando ya Play Store, kivinjari ambacho hukukiomba, michezo mitatu minne, kicheza muziki, na kile kitu kinachogeuza skrini ya kufungia simu kuwa ubao wa matangazo. Ukiingia Mipangilio, kisha Programu, kitufe cha Sanidua hakipo na cha Zima kimefifia, hakibonyezeki. Programu hizo huamka kila simu inapowashwa na hula bando hata usiku. Kwenye simu ya RAM GB 3 madhara yake unayaona kwa macho: ukitoka kwenye fomu uliyokuwa ukiijaza ili ujibu ujumbe, ukirudi unakuta fomu imeanza upya, maana kumbukumbu ilishajaa.

Nimetumia Canta pamoja na Shizuku kwenye simu mbili za namna hiyo, moja ya Android 12 na nyingine ya Android 13, kwa zaidi ya miezi sita. Canta naipa 9 kwa 10. Shizuku naipa 7, na nitaeleza alama tatu zilipoenda.

Kwanza uelewe kinachofanyika, kwa sababu mafundi wengi wataiita "kuruti" (kujipa mamlaka yote juu ya mfumo wa simu) na si kuruti. Android ina amri iitwayo `pm`, na watengenezaji wa programu huitumia kutoka kwenye kompyuta kupitia adb, chombo cha kuituma simu amri. Anayeingia kwa njia ya adb hupewa mamlaka ambayo programu ya kawaida haina, ikiwemo kuondoa programu ya mfumo kwa mtumiaji wa simu. Shizuku huwasha mchakato wenye mamlaka hayo ndani ya simu yenyewe, kisha huyakopesha kwa programu unazoziidhinisha. Canta ni mojawapo ya wakopaji hao: inakuonyesha orodha, unachagua, inaondoa. Bootloader, kile kinachoanzisha mfumo simu inapowaka, inabaki imefungwa, data yako haiguswi, na programu ya benki haina sababu ya kudhani simu imechezewa. Kubadilisha mfumo mzima ni habari nyingine: kufungua bootloader hufuta kila kilichomo, na baada ya hapo programu nyingi za pesa hugoma. Kwa mtu ambaye riziki yake yote inapita kwenye simu hiyo, njia ya Canta ndiyo yenye busara.

Kuwasha Shizuku ndiko kunakosumbua. Inapatikana Play Store. Canta utaipata F-Droid, duka la programu huria lililo nje ya Play Store. Ingia Kuhusu simu, gusa Nambari ya muundo mara 7 mpaka simu ikuambie umekuwa msanidi programu. Rudi nyuma, fungua Chaguo za wasanidi programu, washa Utatuzi wa USB na Utatuzi usiotumia waya. Hicho cha pili kipo kuanzia Android 11. Simu yenye Android 10 kushuka chini italazimu utafute kompyuta na waya.

Hapa wengi hukwama: Utatuzi usiotumia waya hauwaki kama simu haijaunganishwa na waifai, na kwa mtu wa bando hilo linaonekana ndio mwisho wa safari. Sio mwisho. Omba simu ya mwenzako iwashe hotspoti, hata kama haina bando. Intaneti haihitajiki, kinachotakiwa ni kuwepo kwa mtandao wa waifai tu. Simu yako inaweza kuuliza kama ubaki kwenye waifai isiyo na intaneti. Kubali, la sivyo itajitoa yenyewe katikati ya kazi. Hotspoti ya simu yako mwenyewe haikusaidii.

Kisha fungua Shizuku, anza kuoanisha, na uende kwenye Utatuzi usiotumia waya uchague kuoanisha kwa msimbo. Zitatokea tarakimu 6. Usitoke kwenye dirisha hilo kurudi Shizuku, kwa sababu likifungwa msimbo unakufa. Vuta arifa kutoka juu ya skrini, uandike msimbo ndani ya arifa ya Shizuku. Kama arifa haionekani, umeinyima Shizuku ruhusa ya arifa. Kama inaonekana lakini haina mahali pa kuandika, mtengenezaji wa simu amebadilisha muundo wa arifa. Tafuta kwenye mipangilio ya arifa namna ya kurudisha muundo wa Android wa kawaida.

Kuoanisha ni mara moja. Ila kila ukizima simu na kuiwasha, Shizuku inakufa na kwa kawaida lazima uiwashe tena, kwa waifai tena. Na simu hizi zina mfumo mkali wa kuokoa betri unaoua chochote kilicho nyuma, kwa hiyo iondoe Shizuku kwenye udhibiti wa betri kabla hujaanza. Hizo ndizo alama tatu nilizoitoa. Kosa si la waliotengeneza, Android yenyewe ndiyo inayowabana, lakini mtumiaji anahisi usumbufu ule ule.

Canta, kwa upande wake, ni raha. Kila programu ina lebo kutoka kwenye orodha ya mradi wa Universal Android Debloater: zinazopendekezwa kuondolewa, za wanaojua, za wabobezi, na za hatari. Ukigusa jina unapata maelezo mafupi ya kazi yake. Anza na kundi la kwanza peke yake. Kwenye simu nyingi utakuta `com.facebook.appmanager`, `com.facebook.services` na `com.facebook.system`, ambazo hubaki hata ukishaondoa Facebook yenyewe. Ukiziondoa, bado unaweza kuweka Facebook kutoka Play Store na ikafanya kazi. Ondoa tano, zima simu, iwashe, piga simu moja, tuma ujumbe mmoja, ndipo uendelee na tano nyingine. Anayeondoa thelathini kwa mkupuo, simu ikigoma kuwaka hajui ipi ndiyo iliyoleta balaa, na dawa inabaki kufuta kila kitu kupitia menyu ya dharura (recovery). Picha zinaenda.

Orodha hiyo ya lebo haikuandikwa na watu wa huku, na kuna kitu ambacho haikifahamu. `com.android.stk` ndiyo SIM Toolkit, ile ikoni ya menyu ya laini ambayo mara nyingi huandikwa jina la mtandao. Ukiiondoa, menyu ya zamani ya M-PESA iliyo ndani ya laini inapotea. *334# itaendelea kuitika, na programu ya M-PESA pia, lakini mzazi aliyezoea menyu ya laini atadhani pesa zake zimefungiwa. Iache hata lebo ikisema nini.

Mengine ya kutoguswa: Huduma za Google Play (`com.google.android.gms`), kwa kuwa arifa za karibu kila programu hupitia hapo, WebView (`com.google.android.webview`), ambayo programu nyingi huitumia kuonyesha kurasa ndani yake, na ikiondoka zinafunguka na kujifunga, kisakinishi cha programu, na programu ya kupigia simu, kama hujaweka nyingine na kuifanya chaguo-msingi. Kwa kibodi kuna mtego ambao haujitokezi mara moja. Ukiondoa kibodi iliyokuja na simu na ile mpya ikawa haiwezi kufanya kazi kabla simu haijafunguliwa, basi baada ya kuwasha upya huna cha kuandikia nenosiri. Mwenye PIN au mchoro ananusurika, kwa sababu skrini ya kufungia ina vitufe vyake vya PIN. Mwenye nenosiri la herufi amejifungia nje.

Ukikosea, Canta ina sehemu ya zilizoondolewa. Gusa na urudishe. Hilo linawezekana kwa sababu faili la programu halijatoka kwenye simu. Liko kwenye sehemu ya mfumo ambayo haiandikiki, ila wewe kama mtumiaji umelitenga. Ndiyo maana pia usitarajie nafasi kubwa ya kuhifadhia vitu: unarudishiwa data ya programu hiyo, na pengine masasisho yake, basi. Anayekuahidi GB kadhaa kwa kazi hii anakuuzia hewa. Faida iko kwenye RAM, betri, bando na utulivu wa skrini, na kwenye simu yangu ya GB 3 faida hiyo ilionekana siku ile ile.

Shizuku ikiwa imewaka kuna kitu cha ziada ambacho mipangilio ya kawaida haina. Weka aShell, programu ya kuandikia amri, pia kutoka F-Droid, uandike:

`cmd appops set jina.la.programu READ_CLIPBOARD ignore`

Mahali pa `jina.la.programu` weka jina refu la aina ya `com.facebook.system`, si lile la kwenye ikoni. Hapo umeizuia programu hiyo kusoma ulichonakili. Tangu Android 10 programu iliyo nyuma haiwezi kusoma kilichonakiliwa, isipokuwa kibodi, lakini iliyo mbele yako inaweza, na kwenye orodha ya ruhusa hakuna kitufe cha kuizuia. Sisi tunanakili namba za till, misimbo ya kuthibitisha, hata namba za kitambulisho. Nimeiwekea amri hii kila programu ya ununuzi na ya mikopo. Kuirudisha, weka `allow` mahali pa `ignore`.

Kwa upande wa bando nimeongeza NetGuard, programu ya kuzuia intaneti, ambayo haihitaji Shizuku. Unaamua programu ipi itumie waifai tu na ipi isipate intaneti kabisa. Inafanya hivyo kwa kujifanya VPN (njia ambayo intaneti yote ya simu hupitishwa) ndani ya simu, hivyo huwezi kuitumia sambamba na VPN nyingine. Ukiiwekea kuwa VPN ya kudumu, usiwashe kile kipengele cha pili cha kuzuia miunganisho isiyopitia VPN. Kitakukatia hata ulivyoviruhusu.

Baada ya kazi, zima Chaguo za wasanidi programu. Baadhi ya programu za benki hukataa kufunguka zikikuta utatuzi umewashwa, na kuiacha adb wazi kwenye waifai ya mkahawa si jambo la kufanya. Ulichoondoa kitabaki kimeondoka, Shizuku pekee ndiyo itazimika.

Kuhusu simu za kulipa mdogo mdogo: kifungio chake, ile programu ya muuzaji inayofunga simu usipolipa, kimewekwa kama msimamizi wa kifaa, na mfumo haukubali kiondolewe kwa njia hii. Usijaribu. Kukiwa na hitilafu unaweza kubaki na simu iliyojifunga ambayo bado unadaiwa. Maliza malipo, hakikisha muuzaji amekitoa, ndipo usafishe.

Jambo jingine ninalolifuatilia kwa karibu. Agosti 2025 Google ilitangaza kwamba simu za Android zilizoidhinishwa nayo zitahitaji kila msanidi programu awe amethibitisha utambulisho wake, hata kwa programu zisizotoka Play Store, kuanzia Septemba 2026 katika Brazili, Indonesia, Singapore na Thailand, na nchi nyingine kuanzia 2027. F-Droid ilipinga waziwazi, kwa kuwa hifadhi yake hukusanya programu za wasanidi wengi wa kujitolea na kuziunda yenyewe. Kuweka programu kupitia adb kuliachwa nje ya sharti hilo. Kwa maana hiyo, kujua kuoanisha Shizuku kunaweza kuwa na kazi kubwa kuliko kusafisha simu, na mimi nimehifadhi nakala za APK (mafaili ya kusakinishia) za Canta, aShell na NetGuard kwenye kadi ya kumbukumbu.

Sasisho kubwa la mfumo likiingia, fungua Canta utazame orodha, kwa sababu baadhi ya ulizoziondoa zinaweza kurudi, na mara nyingine huja na wenzao wapya. Ukirejesha simu kwenye hali ya kiwandani zinarudi zote. Kwa hiyo andika majina ya ulizoziondoa mahali nje ya simu. Kwa orodha mkononi, kurudia kazi yote hakuzidi dakika kumi.