Himalayan 411 kwa dereva mgeni: itaiweza milima ya Mbeya?

Karibuni watazamaji. Leo tunaipitia pikipiki ya Royal Enfield Himalayan 411, ambayo wengi mnaiulizia mnapotaka kutoka kwenye boda ya cc 150. Mrithi wake wa cc 452 alitoka mwishoni mwa 2023, kwa hiyo hii utaipata mtumba, na ndipo bei inapolainika.

Ina farasi 24 tu, na huku juu zinapungua. Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa nyepesi, unabaki na farasi kama 20. Usikate tamaa! Pistoni yake inasafiri milimita 86, ndiyo maana nguvu ya kuvuta, Nm 32, unaipata mapema, mizunguko ya injini 4,000 hadi 4,500 kwa dakika. Ukipanda kwenda Chunya na abiria, weka gia ya tatu uiache ijivute. Na mgeni akizidisha mafuta kwenye kona, haimrushi. Kwangu mimi hiyo peke yake inatosha kuipendekeza.

Ila njia ya Tunduma, nyuma ya semitrela kwenye mwinuko, usitoke kupita kwa kubahatisha. Ukishafika kilomita 90 kwa saa, akiba iliyobaki ni ndogo. Shusha gia kwanza, ona mbali, ndipo upite.

Kinachowaangusha wageni ni uzito. Ikiwa na mafuta inakaribia kilo 200, zaidi ya boda kwa kilo 60 na ushee. Kiti kiko milimita 800, miguu inafika chini, lakini ikishalala upande huizuii kwa mguu. Kabla ya kuingia sokoni Mwanjelwa, nenda uwanja wa mpira, zunguka duara dogo kwa klachi nusu huku umegusa breki ya nyuma kidogo, usiguse ya mbele. Fanya hivyo mpaka mikono izoee.

Kwenye mteremko wa vumbi na kokoto, ABS, mfumo unaozuia breki kufunga tairi, huachia tairi la nyuma na pikipiki inachelewa kusimama. Matoleo ya 2020 kuendelea yana swichi ya kuizima nyuma. Ya zamani hayana. Basi ingia gia ya kwanza au ya pili kabla hujaanza kushuka, injini ikushike. Mvua ikinyesha Tukuyu, kwenye tope hata tairi zake za asili huteleza, nenda taratibu.

Unapokagua ya mtumba, inua tairi la mbele, geuza usukani polepole. Ukihisi unanasa katikati, beringi za shingo zimelika. Za matoleo ya mwanzo zilijulikana kwa hilo. Gonga spoku moja moja: inayotoa sauti ya kufa imelegea. Ukikuta ya kabureta, angalia plagi. Kwenye mwinuko wetu mafuta huzidi hewa, plagi inakuwa nyeusi kwa masizi. Ya 2017 kuendelea, yenye injeksheni (kompyuta ndiyo inayopima mafuta), hujirekebisha yenyewe. Valvu hazisumbui, ni skrubu na nati, fundi yeyote mwenye fila geji, kile kipimo cha mwanya, anazirekebisha injini ikiwa ya baridi.

Tenki ni lita 15, Iringa unafika bila kuongeza. Tairi zinatumia tyubu, mbele inchi 21, nyuma 17. Tyubu ya 21 usitegemee kuikuta Makambako usiku. Beba yako, pamoja na kebo ya klachi.