Programu za Simu za Video kwa Wenye Ndugu Ng'ambo: Kwanza Uliza Kama Inaita

Tangu Microsoft ilipoifunga Skype, programu yake ya simu za video, tarehe 5 Mei 2025, malalamiko ninayopokea kutoka kwa wasomaji wenye ndugu ng'ambo yamekuwa na sura moja. Wamehamia programu nyingine, picha ni safi, sauti inasikika vizuri, lakini mama hapokei. Anapigiwa asubuhi, anapigiwa jioni, na akiulizwa anaapa kwamba simu haikuita hata mara moja. Watoto hudhani aliisahau chumbani, au masikio yake yameanza kuchoka. Mara nyingi mama anasema kweli.

Kwa sababu hiyo sitazungumzia hapa ubora wa picha, mandhari ya bandia nyuma ya mzungumzaji wala vichujio vya kulainisha uso. Programu zote kubwa zinaonyesha picha ya kutosha kumtambua mjukuu, na zote huyumba mtandao unapokuwa dhaifu. Nimezipanga kwa kigezo kimoja ambacho wanaozinadi hukipita kimyakimya: simu iliyofungwa skrini, iliyolala mezani tangu jana, ya mtu ambaye hajawahi kuingia kwenye mipangilio, itaita au haitaita?

Simu ya kawaida ya laini haina shida hiyo, kwa kuwa chombo chenyewe kimeundwa kuisikiliza wakati wote. Programu ya video ni mpangaji tu ndani ya chombo hicho. Mtu anapopiga, seva ya programu hutuma arifa kupitia huduma ya Google au ya Apple, arifa huiamsha programu, na programu ikishaamka ndipo inapotoa mlio. Watengenezaji wengi wa simu za Android, kwa kutaka kujisifia betri inayodumu, wameweka mifumo inayozilaza programu ambazo mwenye simu hazifungui mara kwa mara. Samsung ina orodha ya programu zilizolazwa usingizi mzito, na Xiaomi hutaka programu ipewe ruhusa ya pekee ili iweze kujiwasha yenyewe. Isitoshe, tangu Android 11 iliyotoka mwaka 2020, mfumo unaweza kuinyang'anya programu isiyofunguliwa kwa miezi kadhaa ruhusa ya kutumia kamera na kipaza sauti. Hapo simu inaweza hata kupokewa, lakini upande wa pili ni giza na kimya, na mzee hubonyeza kila alama anayoiona mpaka anaikata mwenyewe.

Kutokana na hayo, programu inayofaa zaidi ni ile ambayo mpokeaji huifungua kila siku kwa shughuli zake nyingine, kwani hiyo hailazwi. Mpigaji aliye ng'ambo, ambaye kwa kawaida ndiye mwenye simu mpya na ndiye anayechagua, apendekeze kwa kuangalia simu ya mpokeaji na asahau yake.

Nafasi ya kwanza ni ya WhatsApp, na sifichi upendeleo wangu. Imekuwa na simu za video tangu 2016, haikati mazungumzo kwa kuhesabu dakika, inapokea hadi watu 32 katika simu moja, na mazungumzo yanalindwa kwa usimbaji fiche wa mwisho hadi mwisho, yaani hakuna aliye katikati anayeweza kuyasikia. Katika mipangilio yake kuna chaguo la kupunguza data inayotumika kwenye simu, ambalo ni la kuwashwa mapema kwa yeyote anayeishi kwa bando. Hata hivyo, yote hayo kwangu ni ya ziada. Imeshinda kwa sababu mama huifungua mara nyingi kwa siku ili kusoma ujumbe wa vikundi na kutazama picha za watu, na kwa hiyo simu yake haithubutu kuilaza.

Hata WhatsApp ina mahali ambapo mlio hupotea. Tangu 2023 kuna chaguo la kunyamazisha wapigaji wasiojulikana, ambalo watu wengi waliliwasha, na kwa haki kabisa, ili kuwakwepa matapeli. Mtoto akifika nchi ya ugenini, akanunua laini mpya na kuhamishia akaunti yake huko, namba yake mpya inaweza kuwa haimo katika orodha ya majina ya mama. Anapiga, kwake inaonekana inaita, lakini kwa mama hakuna mlio wowote. Kinachobaki ni mstari mdogo katika orodha ya simu zilizopigwa, ambayo wazee wengi hawaifungui. Dawa yake ni kuihifadhi namba mpya kwa jina kabla ya kupiga, na kazi hiyo apewe mtu aliye karibu na mama.

Kasoro ya pili ni kwamba akaunti imefungwa kwenye namba ya simu. Laini isiyoongezwa salio kwa muda mrefu inaweza kufungwa na kampuni, namba ikauzwa kwa mtu mwingine, na huyo mwingine akaifungulia akaunti yake. WhatsApp yenyewe kwa kawaida hufuta akaunti iliyokaa siku 120 bila kutumika. Vilevile huacha kuhudumia simu zilizozeeka. Tangu Mei 2025, kwa mfano, iPhone isiyoweza kufikia toleo la 15.1 la iOS, mfumo unaoiendesha, imeachwa nje. Simu ya zamani anayorithishwa bibi kutoka kwa mjukuu inafaa ikaguliwe kwanza kwa jambo hilo. Na wasioiamini Meta, kampuni inayoimiliki, wana hoja, kwani usimbaji fiche huficha maneno na picha lakini haufichi nani alimpigia nani na saa ngapi.

Kuna jambo moja ambalo linaweza kuiondoa WhatsApp kwenye nafasi yake bila kosa la mtu. Katika Umoja wa Falme za Kiarabu ujumbe wa WhatsApp hupita lakini simu zake zimezuiwa, na nchini China programu yote haifanyi kazi. Mwenye ndugu Dubai atalazimika kutumia programu zinazoruhusiwa huko, BOTIM ikiwa miongoni mwao, na mwenye mtoto anayesoma China ataishia kwenye WeChat. Wapo wanaoshauriana kutumia VPN, yaani programu inayopitisha mtandao kwa njia ya nchi nyingine, kana kwamba ni mzaha. Katika nchi hizo kulikwepa zuio kunaweza kumfikisha mtu mbele ya sheria, na mzazi hana sababu ya kumtia mwanawe katika hatari hiyo kwa ajili ya mazungumzo ya jioni.

Ya pili ni FaceTime, kwa sharti moja tu: pande zote mbili ziwe na vifaa vya Apple. Sharti hilo likitimia huita bila kusuasua, kwani si mpangaji tena bali ni sehemu ya simu yenyewe, na mpokeaji haoni tofauti kubwa kati yake na simu ya laini. Lisipotimia, tahadhari. Tangu 2021 mwenye iPhone anaweza kumtumia mwenye Android kiungo cha kujiunga kupitia kivinjari, na wauzaji wa simu hizo hulitaja jambo hili kana kwamba ukuta umebomolewa. Kiungo hakiiti. Mwenye Android anaweza kualikwa, lakini hawezi kupigiwa, naye mwenyewe hawezi kupiga. Kwa mzee anayesubiri mlio, FaceTime ya namna hiyo ni sawa na kutokuwapo.

Google Meet nimeipa nafasi ya tatu kwa shingo upande. Ilikuwapo programu nzuri iliyoitwa Duo, iliyotoka 2016, ambayo ilifanya kazi moja ya kupiga na kupokea. Mwaka 2022 Google iliiunganisha na Meet, na matokeo yake ni programu yenye nyuso mbili, moja ya simu inayoita na nyingine ya mkutano wa kiungo, na mtumiaji mgeni hujikuta ameunda mkutano ambao hakuna aliyealikwa. Watu wawili huzungumza bure kwa muda wa hadi saa 24, lakini wakifika watatu huduma ya bure huishia dakika 60. Katika simu nyingi za Android huja ikiwa imewekwa tayari, jambo linaloonekana kuwa faida mpaka ukumbuke kwamba programu iliyopo lakini haifunguliwi ndiyo hasa inayolazwa. Ukiichagua, ingia kwenye mipangilio ya betri ya simu ya mpokeaji, uitoe katika vizuizi, kisha ifunge skrini, iache simu usiku kucha, na upige asubuhi yake kabla haijaguswa. Kuijaribu hapohapo, simu ikiwa bado mkononi, hakuthibitishi lolote.

Signal ni ya nne, na nafasi hiyo haiitendei haki kwa mambo mengine yote. Inaendeshwa na taasisi isiyotafuta faida, haina matangazo, na mfumo wake wa usimbaji fiche ndio ambao WhatsApp yenyewe iliuchukua na kuutumia. Shida ni kwamba katika simu ya mzee huwa ina mtu mmoja tu, yaani mtoto aliyeiweka, basi hukaa wiki nzima bila kufunguliwa. Familia iliyo tayari kuhamishia huko na ujumbe wake wote wa kila siku inaweza kuipandisha hadi ya pili, hata ya kwanza.

Zoom ni ya tano kwa sababu ni mkutano. Inafaa pale ukoo mzima unapopatana saa, mmoja akatuma kiungo, na kila mzee akawa na kijana wa kumfungulia. Kwa simu ya ghafla haifai. Huduma ya bure hukata baada ya dakika 40. Zamani kikomo hicho hakikuwabana watu wawili, lakini tangu 2022 nao wamo. Dakika 40 huonekana nyingi kwa asiyejua kwamba sehemu ya mwanzo huliwa na maswali ya "unanisikia?" na kutafuta alama ya kipaza sauti.

Nyingine nazipitia haraka. Programu iitwayo imo inapendwa na wanaohesabu kila megabaiti, na ina matangazo ya kuudhi. Telegram na Messenger huita vizuri kwa wanaozitumia kila siku. Jitsi Meet haimdai mwalikwa akaunti yoyote, ila nayo ni ya kiungo.

Kuhusu vifaa vya mezani vilivyotengenezwa kwa simu za video, Echo Show ya Amazon ina huduma ya Drop In inayomruhusu ndugu aliyeidhinishwa kuingia bila mpokeaji kubonyeza kitu. Kwa mtu asiyeweza kushika simu ni msaada mkubwa, mradi amekubali mwenyewe kwamba anaweza kuonekana wakati wowote. Lakini kabla ya kununua kifaa kinachofanya kazi moja, kumbuka Portal ya Meta: ilinadiwa kama dirisha la kuwaona jamaa walio mbali, na mwaka 2022 kampuni ikaacha kuitengeneza kwa ajili ya majumbani.

Na kwa kuwa tumefika kwenye fedha, nina kinyongo cha kusema. Programu za simu za familia zinaweza kutumika bure kabisa, lakini wauzaji wamejifunza kuuza hofu ya kukatwa katikati ya mazungumzo. Huduma moja niliyowahi kuilipia, ambayo haimo katika orodha hii, iliandika bei ya mwezi kwa herufi kubwa na chini yake, kwa herufi za rangi ya kijivu, ikaeleza kwamba malipo hufanywa kwa mwaka mzima. Kitufe cha kujiunga kilikuwa katika kila ukurasa, ilhali cha kujitoa kilifichwa ndani ya kurasa za msaada, na kila hatua iliuliza upya kama nina hakika. Majaribio ya bure yanayodai namba ya kadi kwanza yana nia hiyohiyo. Ikiwa ukoo una kikao kirefu kisichoweza kuvumilia kukatwa, mtu mmoja tu ndiye anayehitaji kulipia, yule mwenye kuitisha mkutano. Achague malipo ya mwezi mmoja, na azime usajili wa kujirudia siku hiyohiyo anapolipa. Kwa kawaida huduma huendelea hadi mwezi uliolipiwa uishe.