Nimetengeneza ramani ya mtaa wetu Tandale kwa uMap: uzoefu wangu

Ukitaka ramani ya mtaa wako ambayo mtu anaifungua kwenye simu, anagusa alama na kusoma maelezo papo hapo, mimi nakushauri utumie uMap, tovuti ya kutengenezea ramani zako mwenyewe. Ni ya bure, haina matangazo, na anayeifungua hahitaji kupakua programu yoyote. Unamtumia kiungo kwa WhatsApp, anagusa, ramani hiyo hapo. Lakini sababu kubwa ya kuipenda ni ramani iliyolala chini yake, OpenStreetMap, ramani huria ya dunia inayochorwa na watu wa kujitolea, kwa sababu ile inaijua Tandale, kata yetu hapa Dar es Salaam.

Asiyeishi huku anaweza asione uzito wa jambo hilo. Kwetu nyumba zimebanana, barabara ya kupita gari ni ya kutafuta, na shughuli zote zinapita vichochoroni. Ramani isiyo na vichochoro haimfai mtu wa Tandale hata kidogo. Sasa, mwaka 2011 wakazi wa kata pamoja na wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi walipita humu na vifaa vya GPS, wakachora njia, mabomba, vyoo na maduka, vyote vikaingia OpenStreetMap. Mwaka 2015 ukaanza mradi wa Ramani Huria, ukafanya kazi ya namna hiyo kwenye kata nyingi za Dar es Salaam, hasa zile zinazosumbuliwa na mafuriko. Jasho lile ndilo ninalolitumia mimi leo. Nikiweka alama ya kioski cha maji, kichochoro cha kufikia pale kimeshachorwa na mtu aliyekipita kwa miguu.

Kuanza si kazi. Unafungua ramani mpya, unasogea hadi eneo lako, unaweka matabaka. Mimi nina tabaka la maji, la afya (zahanati na maduka ya dawa), la vivuko, na la mahali panapojaa maji mvua ikinyesha. Kila moja lina rangi yake, na msomaji anaweza kuzima asiyoyahitaji akabaki na analolitafuta. Ukiwa na orodha ndefu, iandike kwenye Excel ukiweka safu za jina, maelezo, latitudo na longitudo, uihifadhi kama CSV (faili la jedwali la maandishi matupu) kisha uiingize yote kwa mkupuo. Jambo moja ni la kuzingatia mapema: uMap inakuruhusu kutengeneza ramani bila kujisajili, na hapo inakupa kiungo cha siri cha kuihariri. Kiungo hicho kikipotea, ramani huigusi tena. Jisajili kwanza, tena akaunti ya OpenStreetMap inatosha kuingilia.

Kazi yenyewe ni ya miguu. Kompyuta haikuambii kidaraja kipi kinapitika usiku, wala kioski kipi kinafungwa mapema. Hayo nimeyapata kwa kuuliza: akina mama wanaochota maji, vijana wa bodaboda, wajumbe wa mashina, wabeba mizigo wa pale sokoni kwenye nafaka. Upande wa Mto Ng'ombe nilikuwa nachora njia ya mkato, bibi mmoja aliyekaa kibarazani akaniita. Nikamwamkia, akaitikia, akaniuliza naandika nini. Nilipomwonyesha akasema, "Hapo usiwapeleke watu, mjukuu wangu. Mvua ikianza, maji yanaingilia hapo hapo kabla hayajafika kwingine." Njia ile ipo kwenye ramani, ila ina rangi nyekundu, na ukiigusa unasoma onyo lake. Faida ya ramani ya kugusa naiona mahali kama hapo. Karatasi ingeonyesha mstari tu.

Katika kufanya hivyo nimejiwekea utaratibu ambao naona kila mtu angeufuata. Kitu cha kudumu ambacho yeyote akija anakiona kwa macho, kama kivuko kipya, zahanati au kichochoro ambacho hakikuchorwa, nakiingiza OpenStreetMap yenyewe ili kiwafae wote. Mambo yanayobadilika au yaliyo maoni yetu, kama saa za kufungua, bei ya ndoo, au "hapa pita mchana tu", yanabaki kwenye uMap. Na yapo ambayo hayaingii popote: nyumba ya mgonjwa, ya mzee anayeishi peke yake, ya mama aliyebaki na watoto. Nimeombwa kuyaweka, kwa nia njema kabisa, nikakataa. Kiungo kikishatumwa kwenye kundi huwezi kujua kimefika kwa nani.

Kwenye mipaka yake niseme wazi. Picha hazipandishwi ndani ya uMap. Unaziweka kwingine mtandaoni, kisha unaandika anwani ya picha kwenye maelezo ya alama, na kwa mtu asiyezoea hilo ni kikwazo. Kuitazama kwenye simu ni raha, ila kuihariri kwenye kioo kidogo kunachosha vidole na macho, kwa hiyo kazi kubwa ifanyie kwenye kompyuta, hata ya kuazima. Ruhusa zimepangwa vizuri: unaweza kuamua nani anaona na nani anahariri. Mimi nimewapa haki ya kuhariri vijana wawili ninaowaamini, basi.

Tatizo zito kuliko yote kwa watu wetu ni bando. Ramani hii inataka intaneti, na siku ya mvua kubwa, siku yenyewe ya kuhitajiwa, mtandao unaweza kusuasua au salio likawa limekwisha. Njia ninayoitumia ni hii: uMap inakubali kutoa data zako kama faili la KML (aina ya faili la kubebea alama na njia za ramani), na faili hilo linafunguka kwenye Organic Maps, programu ya bure inayotumia ramani hizo hizo za OpenStreetMap bila intaneti baada ya kuzipakua mara moja. Vijana wa bodaboda wa kijiwe chetu wanayo sasa. Ubaya wake ni kwamba nikibadilisha kitu kwenye uMap, faili lililo kwenye simu zao halijui, hivyo kabla ya masika na kabla ya vuli natoa faili jipya na kupita kijiweni kuwawekea upya, simu moja baada ya nyingine.