Casio fx-CG50 au TI-84 Plus CE: nimefundishia vyote viwili

Mwezi uliopita mama mmoja wa Mikocheni alinipigia simu kwa furaha: amempatia mwanawe kikokotoo cha grafu mjini, tena kwa bei nzuri. Nilipofika kwao kufundisha nikakuta ni Casio fx-991EX. Ni kikokotoo kizuri sana cha kisayansi, lakini hakichori grafu. Muuzaji alimwonyesha kwamba kinatoa alama ya QR, ukiiskani kwa simu grafu inatokea. Kweli inatokea, ila kwenye simu, na simu haiingii chumba cha mtihani. Iliniuma, kwa sababu hela ile aliidunduliza.

Nafundisha hesabu majumbani hapa Dar, na wengi ninaowafundisha ni wanafunzi wa IB (International Baccalaureate, mtaala wa kimataifa wa sekondari). Kwenye begi langu huwa vipo viwili: TI-84 Plus CE ya Texas Instruments, toleo lililoanza 2015, niliyoletewa na shemeji kutoka Marekani, na Casio fx-CG50 iliyotoka 2017. Vyote vina skrini ya rangi na vyote vinakubalika IB. Nimevishika vyote viwili wiki nyingi, kwa hiyo ninayosema hapa nimeyaona kwa vidole vyangu.

Kwanza niwaokoe baadhi yenu na gharama. Kama mtoto anasoma kidato cha tano na cha sita kwa mtihani wa NECTA, usinunue chochote kati ya hivi. Karatasi ya Advanced Mathematics inaruhusu vikokotoo visivyo vya programu, yaani ambavyo huwezi kuviandikia na kuhifadhi programu ndani yake, na hivi vyote ni vya programu. Kama anajiandaa na SAT, mtihani wa kuombea vyuo vya Marekani, nayo siku hizi inafanyika kwenye kompyuta na Desmos, programu ya kuchora grafu, imo humo humo ndani ya mtihani, bure. Anayekihitaji kwelikweli ni mwanafunzi wa IB: wa somo la hesabu la AI (Applications and Interpretation) anakitumia karatasi zote, wa AA (Analysis and Approaches) karatasi ya kwanza anafanya kwa mkono tu.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Chukua y = x³ − 4x + 1, utafute inapokata mhimili wa x. Kwenye TI unachora, unabonyeza 2nd na TRACE, unachagua zero. Kinakuuliza Left Bound: unasogeza kishale kushoto kwa mzizi, yaani pale grafu inapokata mhimili, ENTER. Right Bound: unasogeza kulia, ENTER. Guess: ENTER tena. Umepata −2.1149. Mizizi ni mitatu, kwa hiyo safari hiyo unairudia mara tatu. Kwenye Casio unabonyeza SHIFT, F5, kisha F1 pale palipoandikwa ROOT. Kinakupa −2.1149, ukibonyeza mshale wa kulia kinarukia 0.2541, ukibonyeza tena 1.8608. Nimewapima wanafunzi wangu kwa saa ya simu, na wa Casio humaliza swali la namna hii wakati wa TI bado yuko mzizi wa pili. Kwenye mtihani wenye maswali kumi na kitu, dakika hizo ni nyingi.

Ila Casio ina mtego wake. Inatafuta ndani ya dirisha unaloliona tu. Mzizi ukiwa nje ya dirisha haikwambii kwamba upo, na mtoto anaandika majibu mawili akidhani kamaliza. Nawafundisha wapanue V-Window, yaani hilo dirisha, kwanza, watazame umbo zima la grafu, ndipo watafute. Jambo jingine linalowasumbua wanaoanza ni vile vitufe vya F1 hadi F6: maana yake inabadilika kila ukurasa, na nusu ya vitu vimefichwa nyuma ya mshale wa F6. Wiki mbili za kwanza mtoto atalalamika. Mwache alalamike, atazoea.

TI kwa upande wake imepangika vizuri. Y= ni kitufe chake, GRAPH ni kitufe chake, na mtu anaweza kuanza siku hiyo hiyo. Masomo yake YouTube hayahesabiki. Lakini kuna kosa moja ambalo limewaliza watoto wengi. Saa nne usiku, kesho yake ana mock (mtihani wa majaribio), kijana alinitumia picha WhatsApp: ERROR: INVALID DIMENSION, kila akibonyeza GRAPH. Alishaanza kufikiri kikokotoo kimekufa. Nikamwambia, fungua Y=, tazama juu kabisa, utaona neno Plot1 limewekewa rangi. Panda hadi hapo, bonyeza ENTER lizimike. Alikuwa ameiwasha akifanya takwimu wiki iliyotangulia, na orodha zake za data zilikuwa tupu. Grafu ikarudi. Kama una TI, mfundishe mtoto hilo leo.

Na vyovyote iwavyo, akichora y = sin x akaona mstari umelala kwenye mhimili, hakijaharibika. Kiko kwenye digrii, akirudishe kwenye radiani.

Kwangu mimi kilichoamua ni umeme. TI ina betri ya kuchaji, na chaji yake inakaa siku nyingi, lakini waya wake ni mini-USB, ule wa kamera za zamani. Mwanafunzi wangu alipoupoteza, mama yake alizunguka Kariakoo nusu siku; kila duka lina Type-C na ule mdogo wa simu za zamani, huo hakuna. Mwishowe tuliupata kwa mpiga picha wa harusi. Casio inatumia betri nne za AAA, zile za rimoti, ambazo hata duka la Mangi linazo. Nunua alkaline, za bei rahisi sana huvuja na kula vyuma, na weka seti ya akiba kwenye begi la mtihani.

Kwa hiyo yule mama nilimshauri Casio fx-CG50, tukaipata ya mkono wa pili kwa familia iliyokuwa inahama. Kabla ya kulipa tulifungua mfuniko wa betri kuangalia kutu, tukabonyeza vitufe vyote kimoja kimoja, tukachora grafu tatu. Ile 991 kaichukua mdogo wake aliye kidato cha pili.

TI yangu kwa sasa sinayo. Nimemwazima binti wa Mbezi ambaye mwalimu wake shuleni anaelekeza kila kitu kwa TI, kitufe kwa kitufe, na mtoto wa namna hiyo singemhamishia Casio hata kwa zawadi. Akimaliza mitihani ya Mei atanirudishia, pamoja na waya.