Kisu cha gurudumu: nimekatia vitenge vya kwilti nzima, sikilizeni kabla hamjanunua

Mwadila watu wangu wa Mwanza, na ninyi mlioko mbali karibuni sana. Leo sina subira, kisu hiki kimenikaa rohoni wiki mbili. Hiki hapa. Wembe wa duara wa milimita 45, mpini, kitufe cha kufungia. Mengine yameandikwa kwenye boksi, sitayasoma.

Nimekitumia kwenye kazi ya kweli. Tazameni nyuma yangu ukutani: kwilti, yaani tandiko la vipande vya kitambaa vilivyoungwa, wazee wetu wangeiita mfarishi, inchi 48 kwa 64, mtindo wa Uzio wa Reli. Ni mtindo wa zamani wa Marekani, umetokana na uzio wa magogo yaliyopangwa zigizaga. Sisi huku Usukumani uzio wetu ni minyaa, lakini ona ile rangi ya haradali inavyopanda ngazi kutoka pembe mpaka pembe! Siri yake ni ndogo: mraba mmoja mikanda yake imesimama, wa pili imelala, wa tatu imesimama. Vitenge nilinunua Makoroboi, vya pamba tupu. Nawasisitiza pamba, maana polista inateleza chini ya rula na haikubali pasi.

Zamani kila kipande kilikatwa peke yake. Sasa hivi unashona mikanda mirefu kwanza, ndipo unakata miraba. Mikanda 4 ya inchi 2 na nusu, ndiyo seti moja, mshono wa robo inchi, unapata upana wa inchi 8 na nusu. Kwa kitenge cha upana wa inchi 45, seti moja inakupa miraba 5. Nimeshona seti 10, miraba 50, nikatumia 48. Yadi moja ya kila rangi inatosha na chenji inabaki. Ukishona seti, mkanda mmoja anzia juu, unaofuata anzia chini, la sivyo zitapinda kama upinde.

Haya, sogeza kamera hapa. Hapa ndipo nilipokipenda.

Nakunja kitenge, ukingo wenye maandishi ukutane na ukingo wenye maandishi. Nakunja tena. Tabaka 4. Naweka rula, nakandamiza kwa vidole vilivyotawanyika, nasukuma kisu kwenda mbele, kamwe sivuti kuja kwangu. Sikilizeni sauti hiyo. Mara moja tu! Tabaka zote 4 zimekatika, hakuna uzi unaoning'inia. Kwa mkasi, tabaka la chini lingekuwa limeshahama.

Sasa nafanya makosa kwa makusudi. Rula naiweka upande kidogo tu, isiwe pembemraba na mkunjo. Nakata. Ukiangalia hapa mezani, mkanda umenyooka. Naukunjua... mmeona? Katikati pamepinda kama kiwiko. Mkanda huo hauungiki na mwenzake, na utalaumu cherehani bure. Kwa hiyo kila mikanda mitatu minne, kunjua mmoja uutazame, kisha nyoosha upya ukingo wa kitambaa. Mimi mikanda 6 ya kwanza ya indigo niliitupa kwa kosa hili, na kitenge kile kilikuwa cha mwisho dukani.

Kuna dada aliniuliza, kwa nini usichane tu kwa mkono? Fundi aliyenifundisha alikuwa anachana, na pamba inachanika vizuri kwa kufuata uzi. Lakini ukingo unabaki na mawimbi na nyuzi, unakula ile robo inchi yako ya mshono. Halafu vitenge vingi maua yake hayakuchapwa sambamba na uzi, ukichana, mistari inatembea kwenda kando. Kwa mashuka chana. Kwa kwilti, hapana.

Kisu cha kwanza cha aina hii kilitolewa na kampuni ya OLFA ya Japani mwaka 1979. Changu si cha kwao, ni cha bei ya kawaida, na kwenye kukata sina malalamiko.

Malalamiko yangu ni mkeka wa kukatia, ule unaolazwa chini ya kitambaa. Niliuziwa pamoja na kisu, muuzaji akanihakikishia ni mgumu, hauharibiki. Siku ya tatu nikauacha kwenye baraza mchana mmoja. Jua la Mwanza mnalijua. Niliporudi ulikuwa umekunjamana kama chapati iliyosahaulika kikaangoni. Joto ndilo adui wa mikeka hii yote, hata pasi au kikombe cha chai ya moto usiweke juu yake. Muuzaji hakuniambia, na kwenye mkeka hakuna hata neno moja la tahadhari. Niliulaza juu ya kioo, nikaweka vitabu siku tatu, umenyooka lakini si wote. Naweka rula hapa, oneni mwanga unapita chini yake. Kwenye shimo hilo kisu kinaruka, kinaacha nyuzi mbili tatu.

Nilidhani wembe umekwisha, nikabadilisha. Bado! Nikageuza mkeka, nikakata tena, nyuzi zikahamia upande mwingine. Kumbe ni shimo. Shikeni hili: nyuzi zikibaki sehemu ile ile ya mkeka, tatizo ni mkeka. Zikibaki kwa kurudiarudia, kila sentimita 14 hivi, wembe una pengo, umegonga pini. Sentimita 14 ndio mzunguko mmoja wa wembe wa 45. Hapo badilisha wembe, usipoteze nguvu kukandamiza.

Kabla sijasahau, video ya kuunganisha miraba na kuweka pamba ya ndani inakuja Jumamosi badala ya leo, umeme ulikatika mara mbili nikihariri. Na wale wa Sengerema mlioomba darasa, nimewasoma.

Bei. Kisu nilinunua 22,000, rula 18,000, mkeka 38,000. Mwanzoni nilitaka kuwaambia mnunue vyote. Sasa nasema hivi: fedha yako kubwa weka kwenye rula, ile ya plastiki inayoonyesha upande wa pili, inchi 6 kwa 24. Rula ndiyo inayonyoosha, kisu kinaifuata tu. Kisu chukua hiki hiki. Mkeka huwezi kuukwepa, ukikatia juu ya meza wembe unakufa siku hiyo hiyo, lakini chukua mdogo unaoweza kuuweka chini ya godoro ukimaliza, mbali na dirisha.

Kina mama wenye watoto nyumbani, nyie nawaomba sana: ukiinua kisu, funga. Hata kama unakata tena baada ya sekunde mbili. Wembe huu umepita tabaka 4 za kitenge bila kelele, na kidole cha mtoto ni laini kuliko kitenge. Wangu nasikia anakuja huko, oneni, kimeshafungwa, nakiweka juu ya kabati.